Nimetibiwa kisonono, kwa nini naambiwa nirudi kupima virusi vya Ukimwi?

SWALI

Shikamoo Daktari.

Mimi ni mwanamume wa miaka 33. Nimeoa, nina mtoto mmoja, na mke wangu sasa ana ujauzito wa miezi mitano. Kazi yangu huniweka mbali na nyumbani kwa wiki kadhaa kila safari. Nakuandikia kwa sababu nimeshindwa kumweleza jambo hili mtu yeyote anayenifahamu vizuri, na zimebaki siku kumi tu kabla sijarudi nyumbani.

Wiki tano zilizopita, nikiwa safarini, nililala na mwanamke ambaye nilikuwa nimemfahamu kwa muda mfupi. Ilitokea mara mbili, na hatukutumia kondomu. Siku ya nne nilianza kuhisi moto ninapokojoa, na asubuhi iliyofuata nikakuta doa la manjano kwenye nguo ya ndani, zito kama usaha wa jipu. Nilijua ni kisonono, kwa kuwa nilishawasikia wenzangu wakikisimulia. Nilikwenda duka la dawa, nikaeleza dalili nikiwa nimeinamisha kichwa, nikauziwa vidonge vya siku tatu. Maumivu yalipungua sana. Katika siku hizo hizo nilipata ruhusa fupi, nikaenda nyumbani kwa siku mbili, na nilikutana na mke wangu kimwili nikiamini kwamba nimepona. Niliporudi kazini usaha ukaanza tena.

Hapo ndipo nilipokwenda kituo cha afya, zikiwa zimepita takriban siku 15 tangu tukio lenyewe. Muuguzi alichukua mkojo wangu, akanichoma sindano moja na kunipa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni kwa siku saba. Kisha akanipima virusi vya Ukimwi na kaswende, na majibu yote mawili yalikuwa hasi. Nilivuta pumzi. Lakini kabla sijasimama, aliandika kwenye kadi tarehe ya miezi mitatu mbele, akaniambia nirudi kupima tena, nitumie kondomu mpaka siku hiyo, na nimpeleke mke wangu kituoni. Nilipouliza sababu, foleni ikiwa ndefu nyuma yangu, alijibu tu kwamba ugonjwa mmoja huita mwingine. Kadi hiyo nimeificha ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho.

Mwenzangu mmoja kazini anasema kisonono kisipotibiwa mapema hugeuka kuwa Ukimwi. Mwingine anasema hizo ni mbinu za wauguzi za kuwatisha watu. Nami naomba unijibu. Je, ni kweli kwamba hugeuka? Kama nimetibiwa na vipimo ni hasi, nirudi kufanya nini? Mke wangu alipimwa kliniki mwanzoni mwa ujauzito na akaonekana hana virusi wala kaswende. Je, hilo halitoshi kuonyesha kwamba nami ni mzima? Yeye hana dalili yoyote, isipokuwa ute ambao anasema ni wa kawaida wa ujauzito. Na mwisho, nilipojisikia vizuri niliacha dawa siku ya tano, hivyo vimebaki vidonge vinne. Je, naweza kumpa mke wangu avimeze kama tahadhari, bila kumweleza chanzo chake?

Msomaji wako, safarini

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Nashukuru kwamba umeeleza mambo yako kwa kufuata siku, maana katika suala hili siku ndizo zinazoamua mengi. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kuleta madhara mapema kuliko mengine yote.

Tafadhali usimpe mkeo vidonge hivyo. Kwa jinsi ulivyoeleza tiba yako, yaani sindano moja ikifuatwa na vidonge vya asubuhi na jioni kwa siku saba, inaelekea kwamba vidonge hivyo ni doksisaiklini. Mama mwenye ujauzito wa miezi mitano hapewi dawa hiyo, kwa sababu humfikia mtoto tumboni na huweza kuyatia rangi meno yake yatakayoota baadaye na kuathiri mifupa inayokua. Zipo dawa nyingine zinazotibu maambukizi haya haya bila kumdhuru mama wala mtoto, na kituo cha afya kinazijua. Isitoshe, vidonge vinne havimtibu mtu yeyote. Huwasumbua tu vijidudu na kuwaacha hai. Na wewe mwenyewe, uliyeishia siku ya tano, rudi kituoni useme ukweli huo, ili waamue kama uanze dozi upya. Hakuna atakayekushangaa, kwa kuwa kuacha dawa pale dalili zinapokwisha ni jambo wanaloliona kila siku.

Pengine hukujiuliza kwa nini ulipewa dawa mbili kwa ugonjwa mmoja. Sindano ililenga kisonono. Vidonge vililenga klamidia, maambukizi ambayo husafiri na kisonono mara nyingi kiasi kwamba, pale kipimo cha kuyatenganisha kinapokosekana, mgonjwa hutibiwa yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo jibu la muuguzi wako, kwamba ugonjwa mmoja huita mwingine, lilikuwa tayari limo mkononi mwako ulipotoka mlangoni. Simlaumu kwa ufupi wake, kwa sababu nami nimewahi kuketi upande ule wa meza nikiwa na watu arobaini wanaosubiri nje. Hata hivyo, kauli ile ilistahili maelezo, na wewe ulistahili kuyapata.

Kisonono hakigeuki kuwa Ukimwi. Kisonono huletwa na bakteria, na Ukimwi huletwa na kirusi. Ni viumbe viwili visivyo na udugu wowote, na kimoja hakiwezi kuwa kingine hata kikikaa mwilini miaka, kama vile mbuzi hageuki kuwa kondoo kwa kukaa zizini muda mrefu. Lakini mwenzako wa kazini hakuliokota wazo hilo hewani. Watu wameona mara nyingi kwamba aliyeugua kisonono au kaswende mwaka huu ndiye anayeonekana na virusi vya Ukimwi mwaka unaofuata, na wakatafuta maelezo ya kile walichokiona. Walichokiona ni kweli. Maelezo ndiyo yaliyokosewa.

Sehemu ya ukweli huo ni nyepesi. Magonjwa haya hupita njia moja, hivyo tendo lililokupa kisonono lingeweza kukupa pia virusi vya Ukimwi, kaswende, klamidia au malengelenge ya sehemu za siri, yote kwa siku moja. Kisonono ni chepesi kujitangaza, hasa kwa mwanamume. Baada ya siku chache tu kinakuwa kimesema. Vingine hukaa kimya. Kwa hiyo muuguzi anapoona kisonono, anachokiona ni ushahidi kwamba njia ilikuwa wazi siku ile, na angekuwa mzembe kama asingeuliza nani mwingine alipita. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini ulikwenda na ugonjwa mmoja ukapimwa zaidi ya mmoja.

Sehemu ya pili ndiyo watu wengi hawaijui. Rudi kwenye lile doa uliloliona kwenye nguo ya ndani. Usaha ule haukuwa uchafu wa bakteria. Sehemu yake kubwa ilikuwa seli nyeupe za damu, yaani askari wa mwili wako mwenyewe, waliokimbilia kwenye mrija wa mkojo kupigana na wageni na kufia hapo. Mwili unapohisi uvamizi mahali fulani, huita kinga yake kwa wingi mahali hapo. Mishipa ya damu hupanuka, ngozi laini ya ndani huvimba na kuwa nyekundu, na seli za aina mbalimbali hujazana chini yake. Miongoni mwa zinazoitwa zimo seli za CD4. Hizo ndizo kirusi cha Ukimwi huzitafuta, kwa sababu ndani yake ndimo kinamozaliana. Mtu mwenye ngozi isiyo na uvimbe anaweza kukutana na virusi, na virusi hivyo vikafa bila kupata pa kushika, kwa kuwa seli hizo ni chache karibu na uso wa ngozi. Mwenye kisonono amekwisha kuvikusanyia seli hizo mlangoni. Tena hata aliyetahiriwa yumo katika habari hii: tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke kwa takriban asilimia 60, lakini haiugusi mrija wa mkojo, ambamo kisonono hufanya kazi yake.

Magonjwa yenye vidonda huongeza jambo jingine, kwamba huichana ngozi yenyewe. Kidonda cha kaswende huwa hakiumi, hujificha mahali pasipoonekana kwa urahisi, na hupona chenyewe baada ya wiki kadhaa huku ugonjwa ukiendelea ndani kwa ndani. Mtu anaweza kuwa nacho na asijue kamwe. Malengelenge ya sehemu za siri, yanayoletwa na kirusi cha herpesi aina ya pili, ndiyo yenye rekodi mbaya zaidi katika suala hili: mwenye kirusi hicho ana uwezekano wa kuambukizwa virusi vya Ukimwi unaokaribia mara tatu ya asiye nacho. Wengi wetu tungedhani hatari hiyo ipo wakati vidonda viko wazi tu. Sivyo. Watafiti waliochukua vipande vidogo vya ngozi mahali ambapo vidonda vilikuwa vimepona kabisa walizikuta seli za kinga bado zimejazana pale, wiki nyingi baada ya ngozi kufunga. Jicho linaona ngozi nzima, lakini chini yake mkutano haujavunjika.

Sehemu ya tatu inahusu upande wa pili wa kitanda. Mtu ambaye tayari ana virusi vya Ukimwi na hajaanza dawa, akipata kisonono, huwa mwepesi zaidi wa kuviambukiza. Huko Malawi, katika miaka ya 1990, wanaume wenye virusi waliokuwa na usaha wa mrija wa mkojo walipimwa shahawa zao, na wingi wa virusi ndani yake ukaonekana kuwa karibu mara nane ya ule wa wanaume wenye virusi wasio na usaha, ingawa katika damu yao hapakuwa na tofauti ya namna hiyo. Walipotibiwa, wingi ule ulishuka ndani ya wiki mbili. Naomba uangalie vizuri matokeo hayo, kwa sababu yanagusa safari yako. Mtu aliyekuambukiza kisonono alikuwa nacho yeye mwenyewe. Kama alikuwa pia na virusi vya Ukimwi bila kujua, basi siku ile kisonono chake kilikuwa kinaviongeza mahali penyewe mlipokutana. Sisemi kwamba alikuwa navyo. Nasema hesabu ya hatari ya siku ile si ile ile ambayo ingekuwapo kama nyote wawili mngekuwa wazima.

Kama ndivyo, je, kutibu magonjwa ya zinaa kunazuia Ukimwi? Swali hili lilijaribiwa kwa watu, si kwa maneno. Mkoani Mwanza, Tanzania, vituo vya afya katika jamii sita viliongezewa dawa na mafunzo ya kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na jamii sita nyingine zikafuatiliwa bila nyongeza hiyo kwa wakati ule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalipungua kwa takriban asilimia 40 katika jamii zilizoboreshewa tiba. Ilikuwa habari kubwa. Lakini mwaka 1999 yakatoka matokeo ya Rakai, Uganda, ambako watu walipewa dawa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi, wawe na dalili au wasiwe nazo, na maambukizi ya virusi vya Ukimwi hayakupungua. Hata dawa ya kutuliza herpesi ilipojaribiwa kwa kumezwa kila siku, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2008, haikuwakinga watumiaji dhidi ya virusi vya Ukimwi, na zile seli zinazobaki chini ya ngozi iliyopona ni sehemu ya maelezo yake.

Mimi nayasoma majaribio hayo hivi: tiba ya haraka kwa mtu mwenye dalili ina thamani kubwa, kwa sababu huondoa uvimbe, huondoa usaha na hukata mnyororo wa ugonjwa wenyewe. Lakini tiba hiyo haifuti kilichotokea kabla yake. Sindano uliyochomwa siku ya 15 ilikuwa jibu sahihi kwa kisonono. Kwa virusi vya Ukimwi, kama viliingia, viliingia siku ile mlipokutana, na sindano haikuwa na la kufanya. Dawa za dharura za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo wengi huziita PEP, zipo, lakini lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Wewe ulipita muda huo ukiwa na vidonge vya siku tatu vya duka la dawa. Nalitaja kwa ajili ya msomaji mwingine ambaye leo ndiyo siku yake ya kwanza.

Sasa tuje kwenye kadi yako. Kipimo cha kutoboa kidole hakitafuti kirusi chenyewe bali kingamwili, yaani alama ambazo mwili hutengeneza baada ya kukigundua kirusi, na mwili huhitaji muda kuzitengeneza. Kwa vipimo hivyo muda unaweza kufika siku 90. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipani, kinachotafuta kingamwili pamoja na kipande cha kirusi, huweza kuona maambukizi mapema zaidi, kwa kawaida kati ya siku ya 18 na ya 45. Ulipimwa siku ya 15. Jibu lako hasi linaeleza vizuri ulivyokuwa kabla ya safari ile, na kuhusu safari yenyewe halisemi karibu lolote. Kaswende nayo ina kalenda yake: kidonda chake huweza kutokea siku 10 hadi 90 baada ya kuambukizwa, na damu mara nyingi huchelewa kuonyesha. Ndiyo maana muuguzi aliandika miezi mitatu. Tarehe ile ni hesabu tu, wala hakuna kitisho ndani yake.

Hata hivyo sikushauri uketi usubiri tarehe hiyo. Kwa hesabu yako, siku utakayorudi nyumbani itakuwa takriban ya 45 tangu tukio. Kabla ya kuondoka, nenda uombe kipimo cha maabara nilichokieleza. Jibu hasi wakati huo litakuwa na uzito mkubwa, na lile la miezi mitatu litafunga hesabu. Mweleze pia mhudumu kama katika wiki hizi ulipata homa, koo kuuma, vipele au tezi kuvimba shingoni, kwa maana dalili hizo, zinazofanana na za mafua makali, huweza kuwa za mwanzo wa virusi vya Ukimwi. Huweza pia kuwa mafua. Majibu yakiwa chanya, dawa za kufubaza virusi huanza mara moja, na mtu anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane tena kwenye kipimo cha damu hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono; jambo hilo limethibitishwa kwa maelfu ya wenzi, wakiwamo waliopata magonjwa mengine ya zinaa katika muda wa kufuatiliwa. Yakiwa hasi, na kama unajua kwamba safari zako zitaendelea kuwa na majaribu, uliza kuhusu dawa kinga za kumezwa kabla ya kukutana na hatari. Nakuambia hivyo bila kukuhukumu. Ila dawa kinga hizo hazizuii kisonono wala kaswende, kwa hiyo kondomu haistaafu.

Nimemweka mkeo mwisho kwa sababu habari yake ndiyo nzito kuliko zote. Kipimo chake cha mwanzo wa ujauzito ni chake, na ni cha siku ile. Hakikuwahi kukupima wewe, na hakiwezi kuona jambo lililotokea baada yake. Mpangilio wako unaonyesha kwamba ulikutana naye ukiwa bado na kisonono ambacho vidonge vya dukani vilikuwa vimekituliza bila kukiua. Uwezekano wa kuwa amekipata ni mkubwa, na kutokuwa na dalili si hoja, kwa kuwa wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawahisi chochote. Ule ute anaouona wa kawaida huenda ni wa kawaida kweli. Huenda pia ni kisonono, au trikomona, yaani kimelea kingine cha zinaa, au ni ile hali ambayo bakteria wema wa uke hupungua na asidi inayoulinda ikapotea. Hizo zote, kila moja kwa kiasi chake, humfanya mwanamke awe mwepesi zaidi kuambukizwa virusi vya Ukimwi, kwa sababu ile ile niliyoieleza kuhusu mrija wako: uvimbe kwenye shingo ya kizazi, na seli zilizoitwa pale.

Unganisha sasa mambo hayo mawili. Mtu aliyeambukizwa virusi vya Ukimwi karibuni huwa na virusi vingi sana katika wiki zake za kwanza, na vipimo vya kidole huweza bado kumwonyesha hana kitu. Ukirudi nyumbani baada ya siku kumi bila kondomu, na kama ni wewe mtu huyo, utamkuta mkeo akiwa na uvimbe ambao wewe mwenyewe ulimwachia safari iliyopita. Na mama anayeambukizwa akiwa mjamzito humweka mtoto katika hatari kubwa kwa sababu hiyo hiyo ya wingi wa virusi, ilhali kliniki yake inaamini kwamba kipimo chake cha kwanza kilimaliza kazi. Kisonono peke yake huweza kumletea uchungu kabla ya wakati, na mtoto akipita kwenye njia yenye kisonono huweza kupata maambukizi ya macho yanayopofusha yasipotibiwa haraka. Kaswende huweza kuua mimba. Yote haya hutibika au kuzuilika mama akijulikana mapema. Hata virusi vya Ukimwi, ambavyo bila hatua yoyote huwafikia watoto 15 hadi 45 kati ya kila 100 wa mama wenye navyo, hushuka chini ya 5 mama akitumia dawa ipasavyo.

Kwa hiyo sioni njia ya kumtibu mkeo bila kumweleza. Najua ulitarajia nikuonyeshe ya kupita pembeni, na ninaelewa hofu yako. Lakini hawezi kupewa dawa inayomfaa bila kuulizwa alikutana na nini, na hawezi kukubali kondomu ya ghafla kutoka kwa mumewe wa miaka kadhaa bila kuuliza sababu. Tena usimshtukize mbele ya muuguzi. Wala usisubiri ufike, kwa kuwa yeye anahitaji kutibiwa sasa. Mpigie simu mahali penye utulivu, mtoto akiwa amelala, umwambie kwa sentensi chache: kwamba ulilala na mwanamke mwingine, kwamba ulipata kisonono, kwamba ulikwenda nyumbani kabla hakijaisha, na kwamba kesho asubuhi aende kliniki awaeleze hivyo ili atibiwe yeye na kumlinda mtoto. Usianze na maelezo ya upweke wa safari. Atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Kama unaona kwamba maneno yatakukwama, vituo vingi vina washauri wanaoweza kuketi nanyi mkiwa pamoja, au kumpigia wao kwa ridhaa yako.

Mpaka nyote wawili mmemaliza tiba na zimepita siku saba, msikutane kabisa. Baada ya hapo ni kondomu mpaka kipimo chako cha miezi mitatu. Mwombe pia apimwe upya virusi na kaswende, na kliniki irudie tena kabla hajajifungua.

Bado yupo mmoja ambaye barua yako imemtaja mara moja na kumwacha. Yule mwanamke wa safarini huenda hana habari kwamba ana kisonono, na kila wiki inayopita kinaweza kupanda kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi, huku naye akiwa katika hatari ile ile niliyokueleza kurasa hizi zote. Kama namba yake bado unayo, mwandikie leo kwamba umetibiwa kisonono na kwamba inafaa akapimwe, pamoja na virusi vya Ukimwi na kaswende. Usimwulize nani alianza.